Boti ya matanga ya zamani inasumbua? Anza na dalili unayoiona

Boti ndogo za matanga za faiba zilizotengenezwa miaka ya 1960 na 1970 bado zipo nyingi majini mpaka leo, na sababu kubwa ni kwamba enzi hizo watengenezaji waliweka faiba nene, kwa hiyo bodi yenyewe mara nyingi iko vizuri tu. Kinachosumbua ni vitu vilivyofungwa kwenye hiyo bodi, yaani bolti, valvu, nyaya, madirisha, mipira, na mbao iliyofichwa ndani ya deki. Malalamiko ya wenye boti hizi yanafanana sana, ni yaleyale yanarudi. Hapa nimeyapanga kwa dalili, kila moja naanza na sababu inayotokea sana na ukaguzi usiohitaji hela, halafu ndio tunashuka kwenye kazi nzito, na pale unapotakiwa uache ukaite fundi nimesema wazi.

Ombi langu moja kabla hatujaanza, usizibe kitu kabla hujajua maji yanaingilia wapi. Silikoni ya kupaka juu juu inaficha tone kwa muda tu, huku maji yanaendelea kupita kwa chini na kuozesha mbao usiyoiona, na ukija kugundua kazi ishakuwa kubwa mara nyingi zaidi.

Maji yanajaa kwenye ngama

Ngama ni ile sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, maji yote yanakusanyika hapo. Kwanza jua ni maji gani. Kama hayanuki mafuta wala choo, chovya kidole, gusisha kwenye ncha ya ulimi, tema. Yasipokuwa na chumvi ni ya mvua au ya tangi la kunywa, yakiwa na chumvi yanatoka nje chini ya boti. (Kama boti iko ziwani kipimo hiki hakisaidii, wewe angalia tu kama yanaongezeka siku za mvua au hata siku za jua kali.) Ukishajua hilo kausha ngama yote kwa sponji na kitambaa mpaka iwe kavu kabisa, tandaza karatasi za tishu chini ya kila valvu, kila paipu na kila bolti unayoifikia, ondoka, rudi baada ya masaa kadhaa. Tishu iliyolowa ndiyo inakuonyesha pa kuanzia, na kazi hii ya kitoto inashinda kubahatisha wiki nzima.

Yakiwa ya mvua, sababu kuu ni madirisha na vifaa vya kwenye deki, nimeviweka kwenye dalili inayofuata. Ila kama mlingoti wako unapita kwenye deki na kukaa chini kwenye mkuku (ule uti mzito wa chini unaoisimamisha boti), ujue maji kidogo yatashuka kwa ndani ya mlingoti kila mvua ikinyesha na hilo ni la kawaida, hakikisha tu kitundu cha kutolea maji pale kwenye kitako chake hakijaziba.

Yakiwa ya chumvi, fuata mpangilio huu. Ya kwanza kabisa ni klipu na paipu. Kamata kila paipu iliyo chini ya usawa wa maji uitingishe, angalia ufa pale inapoingia kwenye valvu, angalia kutu kwenye skrubu ya klipu maana bendi yenyewe inaweza kuwa ya chuma cha pua na skrubu ikawa ya chuma cha kawaida. Weka klipu mbili kila mwisho kama shingo ya valvu ina nafasi.

Ya pili ni gilandi, pale shafti ya propela inapotokea nje, kama una injini ya ndani. Zile za zamani zenye pakingi, yaani kamba ya kuzibia inayozungushiwa shafti, zimetengenezwa zidondoshe, matone machache kwa dakika shafti ikiwa inazunguka, na ikisimama yakatike au yakaribie kukatika. Zikidondosha sana kaza nati kidogo, robo ya mzunguko, jaribu tena. Usikaze mpaka zikauke kabisa, kwa sababu gilandi kavu inapata moto na kukwangua shafti. Iguse kwa mkono baada ya safari, injini ikiwa imezimwa. Vuguvugu ni sawa, ikikuunguza umekaza mno. Kama umeshakaza mpaka mwisho na bado inamwaga basi pakingi imeisha, na ni salama zaidi kuibadilisha boti ikiwa nchi kavu.

Ya tatu watu hawaifikirii, ni pampu yenyewe kuyarudisha maji. Paipu ya kutolea ikitokea karibu na usawa wa maji na haina kipande kilichopanda juu kikapinda, boti ikilala upande mmoja bahari inaingia kwa njia ileile ambayo wewe ulitaka kuitolea.

Ya nne ni valvu, na hapa nataka uwe makini sana. Boti nyingi za miaka hiyo zilifungwa valvu za geti, zile za kuzungusha kama bomba la bustani, za shaba ya njano ya kawaida. Ndani ya maji ya chumvi shaba hiyo inapoteza zinki yake polepole, inabaki na rangi ya pinki hivi na inavunjika kama biskuti. Kikwangue kidogo kwa kisu, ukiona pinki badala ya njano hiyo ni ya kutupa. Mpini unaozunguka tu bila kufunga maana yake shina limekatika ndani. Valvu ikigoma boti ikiwa majini usiilazimishe kwa spana wala nyundo, inaweza kukubaki mkononi na tundu likabaki wazi. Piga hesabu mwenyewe, tundu la sentimita 4 lililo sentimita 30 chini ya maji linaingiza lita 100 hivi kwa dakika, wakati pampu ndogo ya umeme iliyoandikwa galoni 500 kwa saa inatoa kama lita 30 kwa dakika ikiwa mpya na betri imejaa. Subiri boti itolewe majini, weka za bronzi au za plastiki ngumu zilizotengenezwa kwa kazi ya baharini. Na kila valvu ifungie kigingi cha mbao laini kilichochongoka, kwa kamba, palepale, ili siku ikivunjika usianze kukitafuta gizani.

Ya mwisho, na ndiyo nzito, ni bolti za mkuku. Boti ikiwa nchi kavu angalia mstari ambapo mkuku unakutana na bodi. Ufa mwembamba wa rangi peke yake si lazima uwe hatari. Lakini ukiona ufa umepanuka kwa mbele, au michirizi ya kutu inatoka hapo siku nyingi baada ya boti kukauka, au ndani washa za bolti zimezama kwenye faiba, acha. Usijaribu kukaza ili uone kitatokea nini, bolti iliyoliwa na kutu katikati inakatika bila kukupa taarifa. Muite mkaguzi wa boti, na usiende nayo popote mpaka aseme. Wenye Westerly Centaur, ile ya Uingereza yenye mikuku miwili, hili waliangalie kwa bidii zaidi maana sehemu za kushikia mikuku zinajulikana kuwa ni udhaifu wake na nyingi zimeshaongezewa nguvu, uliza kama yako imefanyiwa.

Maji yakiingia kwa kasi kuliko unavyoweza kuyafua, muda wa kutafuta sababu umeisha. Vaeni maboya wote, ita msaada chaneli 16 ya redio ya VHF, halafu ndio uendelee kupambana.

Deki inabonyea ukiikanyaga, au maji yanadondoka ndani mvua ikinyesha

Nimeviweka pamoja kwa sababu mara nyingi ni ugonjwa mmoja. Deki nyingi za miaka ile, kwa mfano za Pearson Triton iliyotoka 1959, zina faiba juu, faiba chini, na katikati mbao nyepesi ya balsa. Mbao hiyo ikikaa kavu inadumu miaka na miaka, ikiingia maji kupitia tundu la bolti moja tu inaanza kuoza na uozo unasambaa kwa ndani.

Pima kwa sikio. Chukua bisibisi, igeuze, gonga deki kwa mpini wake, sogea sentimita tano tano. Palipo pazima panatoa sauti kavu ya kukatika, palipooza panatoa sauti nzito iliyofifia. Weka alama kwa chaki ukienda, na mwisho utaona ramani yenyewe, mara nyingi imezunguka kifaa fulani, na hicho kifaa ndicho mlango wa maji.

Tone linapodondokea si pale maji yanapoingilia. Maji yanasafiri chini ya dari, yanafuata bolti na mbao, yanaweza kutokea mita nzima mbali. Mwagia kwa mpira wa maji bila presha, anza sehemu ya chini kabisa upande huku mwenzako yuko ndani na tochi, kifaa kimoja kimoja, dakika kadhaa kila kimoja. Ukianza juu maji yatashuka kila mahali na hutajua lolote.

Dawa ya kifaa kinachovuja ni kukitoa, hakuna ya mkato. Kitoe, kwangua gundi yote ya zamani, panua tundu kidogo, chimbua mbao ya ndani pembeni ya tundu, acha pakauke kweli kweli, ziba kwa chini na tepu, jaza epoksi iliyochanganywa na unga wake wa kuifanya nzito. Ikikauka toboa katikati tundu la saizi ya bolti. Sasa hata kikija kuvuja tena maji yanakutana na epoksi, hayaifikii mbao. Rudisha kifaa na tepu ya butili au gundi ya baharini, na ukikaza shikilia bolti isizunguke, zungusha nati kwa chini, maana bolti ikizunguka inavunja ile gundi uliyoweka. Madirisha ya plastiki usiyapake gundi ya poliuretani hivihivi, nyingine zinaiharibu hiyo plastiki, soma kopo kwanza.

Sehemu ndogo iliyooza, ya ukubwa wa sahani, mtu mwenye subira anaweza kuikata na kuweka mbao mpya. Lakini deki ikibonyea chini ya mlingoti au pale vinapopita vibamba vya chuma vinavyofungiwa nyaya za mlingoti, hiyo si ya kujaribia, sehemu hizo zinabeba mzigo wote wa tanga. Hapo fundi wa faiba.

Nyaya za mlingoti zinalegea kila ukikaza

Kitu cha kwanza angalia skrubu za kukazia. Kama hazina kota pini zinajifungua zenyewe kwa mtikisiko, weka pini, pinda ncha, zungushia tepu, umemaliza. Kwa bahati nzuri hili ndilo linalotokea sana.

Kama pini zipo na bado zinalegea basi kuna kitu kinazama au kinang'oka. Ingia ndani, angalia nguzo iliyo chini ya mlingoti. Mlango wa chumba ambao zamani ulifunga vizuri na sasa unasugua ni dalili ya dari kushuka, na vilevile nyufa zinazozunguka kitako cha mlingoti juu ya deki. Halafu angalia vibamba vya chuma vinavyofunga nyaya, hasa kile kipande kilichofichwa ndani ya deki. Chuma cha pua kikikaa kwenye unyevu bila hewa kinaoza kwa ndani huku juu na chini kinang'aa, kwa hiyo kutoa kibamba kimoja na kukiangalia ndiyo njia ya kujua. Mbao zilizokishikilia zichome na bisibisi, ikizama zimekwisha.

Waya wenyewe ufunge tishu, uvute tishu kuanzia juu hadi chini. Usitumie mkono mtupu. Uzi mmoja uliokatika utanasa tishu na kuacha kipande kidogo cheupe kikining'inia, na uzi mmoja tu unatosha, waya huo ubadilishwe. Angalia zaidi pale waya unapoingia kwenye ncha yake ya chuma kwa chini, ndipo maji yanapokaa, kutu ya kahawia ikitokea humo au ufa mwembamba kama unywele, usipandishe tanga. Mafundi wengi wanashauri kubadilisha nyaya za chuma cha pua baada ya miaka 10 hadi 15 hata kama zinapendeza, na mimi nawaunga mkono, mlingoti ukianguka unaweza kuua. Ukiwa na shaka na nyaya usipande mlingoti huo. Ushushwe kwa kreni, ukaguliwe umelala.

Tanga halipandi au halishuki

Geuza omo, yaani pua ya boti, itazame upepo sawasawa, hapo nyingi zinaisha. Kama sivyo angalia juu, jarari, ile kamba ya kupandishia tanga, imejizungusha na kamba nyingine au imeruka kwenye kapi na kubanwa pembeni. Mfereji wa mlingoti unaopitisha tanga osha kwa maji yasiyo na chumvi na sabuni, ukikauka puliza silikoni ya spirei, grisi usiweke kwa sababu inashika mchanga. Kapi lililokwama kwa kutu kule juu linataka mlingoti ushuke.

Usukani mzito, boti inang'ang'ania kugeukia joshi (upande upepo unakotoka)

Boti inayovuta kidogo kuelekea upepo ni nzuri, ukiiachia kana (mpini wa usukani) inageuka yenyewe na kusimama. Ikivuta mpaka mkono unachoka basi karibu kila mara ni tanga kubwa mno kwa upepo uliopo, au kamba ya tanga kuu imekazwa sana. Legeza, au punguza tanga mapema, boti za zamani nyembamba hazipendi kulala sana, zikilala ndipo zinavuta. Baada ya hapo ni tanga lenyewe kuchoka, limepanuka na tumbo limerudi nyuma, halafu ni mlingoti kuegemea nyuma kupita kiasi. Sogeza ncha yake mbele kidogo kidogo kwa kurekebisha nyaya za mbele na nyuma, jaribu baharini, rekebisha tena.

Uzito mwingine ni wa kwenye usukani wenyewe, hauna uhusiano na upepo. Boti imefungwa, kana bado ngumu, hapo bawaba au bushi zimevimba au zimejaa chumvi. Kinyume chake, kana inacheza na kugonga, bushi zimeisha. Tingisha usukani huku mwenzako ameshika kana, ukicheza bila kana kusogea kuna kitu kimelegea ndani na hapo usitoke baharini. Usukani unaotiririsha maji siku kadhaa baada ya kutolewa majini umeingia maji ndani, na vyuma vilivyomo vinaoza bila kuonekana, mpe fundi aufungue.

Kwa boti zenye mkuku wa kunyanyua, kama Catalina 22 za mwanzo, mlio wa kugonga chini mkiwa mmefunga kwenye boya ni pini ya mkuku inacheza kwenye tundu lililopanuka. Mkuku huo ni chuma cha kilo 250 hivi. Waya wake na pini vikaguliwe kila ukiitoa boti majini, na usilale chini yake ukiwa umeshikiliwa na waya peke yake, hata dakika moja.

Injini ya nje haiwaki, au inawaka na kuzima

Kabla hujashika spana yoyote, pita hapa. Kamba nyekundu ya kuzimia imechomekwa? Gia iko nyutro? Kifuniko cha tangi kimefunguliwa kipenyo chake cha hewa? Paipu imeingia mpaka mwisho, ile tufe ya kupampu ukiibana inakuwa ngumu? Injini inayowaka vizuri halafu inakufa baada ya dakika chache mara nyingi ni kipenyo cha hewa kimefungwa, petroli inashindwa kutoka.

Kama vyote viko sawa basi ni petroli ya zamani. Petroli iliyokaa miezi, hasa yenye ethanoli, inavuta maji na kuacha utando kwenye kabureta. Mimina kidogo kwenye chupa safi uache itulie, maji yatakaa chini. Weka mpya, badilisha chujio, toa plagi uikaushe. Ikiwaka kwa choki tu na kuzima ukiirudisha, jeti za kabureta zimeziba, ifunguliwe isafishwe.

Inawaka lakini ule mkondo wa maji pembeni hautoki? Zima haraka. Choma kitundu kwa uzi wa nailoni, mara nyingine ni mchanga tu. Bado hautoki, mara nyingi impela, yaani gurudumu la mpira lenye mabawa ndani ya pampu ya maji, imekufa. Ukiitoa na kukuta bawa limekosekana, kitafute kile kipande mpaka ukipate, kimekwenda kuziba mahali huko mbele.

Kwa wenye injini ya ndani ya petroli, na boti nyingi za Marekani za enzi hizo zilifungwa Atomic 4, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unazama kwenye ngama na kukaa pale. Washa feni ya kutoa hewa dakika nne kabla ya kuwasha injini, halafu weka pua yako mwenyewe kwenye ngama. Ukisikia harufu usiguse swichi yoyote, hata ya taa, toa watu wote, fungua milango, ita fundi. Gesi ya kupikia ni hivyohivyo.

Taa hafifu, betri inakufa usiku

Pima betri ikiwa imepumzika masaa kadhaa. Iliyojaa inasoma volti 12.6 hadi 12.7, kwenye 12.2 imebaki kama nusu, chini ya 12 imekwisha. Ikiwa imejaa na taa bado hafifu basi ni viungo, safisha vichwa vya betri, halafu fuata waya wa hasi maana huo ndio husahaulika. Waya wa zamani usiopakwa bati unakuwa mweusi ndani ya ganda, kata ncha uone, kama weusi unaendelea waya wote hauna maana. Betri inayoisha boti ikiwa imefungwa mara nyingi inaonyesha pampu ya ngama inawaka kila saa, kwa hiyo rudi kule juu kwenye maji.

Umeme wa kutoka gatini usiuguse kama huna ujuzi. Na vipande vya zinki, vile vinavyofungwa chini ili viliwe badala ya vyuma vingine, vikiliwa haraka kuliko ilivyo kawaida yake, huenda kuna umeme unavuja, ita fundi umeme wa boti, na mtu yeyote asiogelee karibu na boti zilizochomekwa, hasa kwenye maji ya ziwani yasiyo na chumvi, umeme unampooza mtu misuli akazama bila kelele.

Malengelenge chini ya bodi

Yanatisha kuliko yalivyo. Maji yamepenya taratibu kwenye faiba na kutengeneza majimaji ya asidi yenye harufu kama siki. Machache ya ukubwa wa sarafu, vaa miwani na glavu maana yana presha yanaruka usoni, yatoboe, yasage mpaka kwenye faiba nzima, osha mara nyingi kwa maji yasiyo na chumvi, acha pakauke wiki kadhaa, jaza epoksi. Hakuna haraka, yanaweza hata kusubiri msimu ujao. Yakiwa mamia, au moja kubwa kama kiganja lenye nyuzi zilizoachana, mkaguzi apime unyevu kwanza kabla hujatoa hela yoyote kwa mtu wa kukwangua.

Chumba kinanuka hata ukisafisha

Sugua paipu za choo kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto, subiri kipoe, kinuse. Kikinuka, harufu imeshapenya mpira wenyewe na hakuna dawa ya kumwagia itakayosaidia, badilisha paipu. Kisiponuka, fungua kila kabati na inua kila godoro, unyevu umejificha chini ya mojawapo, na mara nyingi utakuta juu yake kuna bolti ya deki inayovuja.